Homa Inayongoja Mafuriko

Ukitoka Muthangari, Nairobi, ukashika Waiyaki Way kuelekea magharibi, hukawii kufika Kabete. Ni kwenye maabara ya mifugo ya huko, mwaka 1931, wanasayansi walipoeleza kwa mara ya kwanza virusi vilivyokuwa vikiua wanakondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Ugonjwa huo ndio Homa ya Bonde la Ufa.

Mafuriko yakipiga kaskazini mashariki mwa Kenya, sisi wa Nairobi husikia habari za barabara zilizokatika na mifugo iliyosombwa. Hasara nyingine, homa hiyo, huja maji yakishatulia. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga mayai kwenye tope la vibonde, na mayai hayo hustahimili ukame miaka kadhaa, mengine yakiwa tayari na virusi kutoka kwa mama. Maji yakituama, yanaanguliwa. Mbu hao ndio wanaoanzisha mlipuko. Mbu wa aina nyingine, wanaozaliana madimbwini, huueneza.

Kondoo na mbuzi huharibu mimba karibu kundi zima kwa mpigo, na vitoto vinavyozaliwa hai hufa kwa siku moja au mbili. Mfugaji anayemzalisha kondoo kwa mikono mitupu, au anayechinja mnyama mgonjwa asije akakosa vyote, huambukizwa kupitia damu na majimaji ya mnyama huyo.

Mwaka 2006 setilaiti za NASA zilionyesha bahari imepata joto na malisho yamestawi kupita kawaida, na onyo la mlipuko likatolewa mapema. Wafugaji Wasomali wa Garissa na Ijara nao walikuwa wameshaona mvua isiyokatika, mbu kwa makundi, mimba kutoka na damu puani mwa mifugo; ugonjwa huo wanaujua, wanauita sandik. Maabara ilithibitisha Desemba, watu wakiwa wameshaanza kufa. Zaidi ya 150 walifariki nchini, na masoko ya mifugo yakafungwa wakati familia zilipohitaji fedha kuliko wakati wowote.

Naona uchungu kwamba ujuzi huo wa wafugaji haukuwa na njia ya haraka ya kufika Kabete. Simu ya mchungaji ingepaswa kuwa na uzito sawa na picha ya setilaiti, kwa sababu chanjo ya mifugo ina wakati wake: hutolewa kabla ya mvua. Mlipuko ukishaanza, sindano moja ikitumiwa kwa mbuzi mmoja hadi mwingine inaweza yenyewe kusambaza virusi.