Nyumba ya Ibada Isiyo na Mnara

Wanachama wenzetu waliofika Dodoma wameliona kanisa la Waanglikana lenye kuba, pale mjini. Mmoja wao aliporudi alituuliza: mbona Marafiki, ambao Waingereza huwaita Quaker, walikaa Pemba miaka mingi wala hawakujenga kitu cha namna ile? Swali ni zuri, na jibu lake latuhusu sisi wenye mikarafuu.

Marafiki walianza Uingereza katika karne ya 17, wakifuata mafundisho ya George Fox. Katika ibada yao ya asili hapana padri wala altare. Watu hukaa kimya, na anayesukumwa moyoni husimama akasema. Basi nyumba yao ni chumba kitupu chenye mabao ya kukalia yaliyoelekeana. Hapana kengele wala picha. Ile ya Jordans, Uingereza, iliyojengwa kwa matofali mwaka 1688, mpita njia hudhani ni nyumba ya mkulima. Kuba ya nini hapo?

Huku kwetu fedha zao zilikwenda shambani. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mahakama zisitambue tena utumwa. Wengi huishia hapo wanaposimulia. Lakini amri ile ilikuwa na sharti: aliyeachwa huru aonyeshe kuwa ana makao na njia ya kujilisha, ama sivyo atahesabiwa mzururaji. Sasa aende wapi, na nyumba anamolala ni ya bwana wake, na mikarafuu ni ya bwana wake? Tangu tufani ya 1872 ilipoangusha mikarafuu ya Unguja, karafuu nyingi zilitoka Pemba, na wachumaji wengi walikuwa watumwa.

Mwaka ule ule wa 1897 Marafiki wakaja, Bwana Theodore Burtt akiwaongoza, wakanunua shamba la karafuu la Banani, upande wa Chake Chake. Hapo walioachwa huru walipata pa kukaa na kazi. Kazi yenyewe ilikuwa ile ile ya mikarafuu, ila sasa kwa ujira. (Masuria hawakuingia katika amri ya 1897, wao walingoja mpaka 1909.)

Mwanachama mwenye hati ya zamani ya mashamba ya upande wa Banani, au aliyesimuliwa na wazee wake habari za wachumaji wale, twaomba aje afisini. Hati tutainakili na kumrudishia mwenyewe.