Tamthilia za Muziki (5): Mgeni njoo, lakini mwenyeji apone

Septemba 2024 Adam Lambert aliingia katika Cabaret, kwenye ukumbi wa August Wilson jijini New York, kushika nafasi ya mshereheshaji wa klabu ya Kit Kat ambayo Eddie Redmayne aliianza Aprili mwaka huo. Lambert ndiye yule aliyeibuliwa na shindano la American Idol mwaka 2009, kisha akasimama na bendi ya Queen mahali alipokuwa akisimama Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja. Kurithi nafasi za watu si jambo geni kwake. Mapema mwaka huohuo Boy George naye alikuwa ameingia Moulin Rouge! Basi manung'uniko yakaanza: Broadway imekuwa mahali pa watu maarufu kuja kujionyesha, na waigizaji wenye kazi yao hawana pa kwenda.

Manung'uniko haya nayakubali nusu. Nusu ya pili hutoka kwa watu wanaodhani kwamba mambo haya yameanza juzi, na hao sina budi kuwarudisha kwa David Merrick. Mliofuatana nami tangu sehemu ya kwanza mnaujua udhaifu wangu kwa mtayarishaji huyu, nivumilieni tena.

Hello, Dolly! ilifunguliwa katika ukumbi wa St. James tarehe 16 Januari 1964. Kisa chake tumekwisha kukieleza: Dolly Levi, mjane na mshenga, anawatafutia wengine wachumba huku jicho lake likiwa kwa tajiri anayemtaka mwenyewe. Carol Channing aliicheza nafasi hiyo hadi watu wakaamini kwamba hapangekuwa na Dolly mwingine. Wimbo mkuu wa tamthilia hiyo Louis Armstrong alikuwa ameurekodi kabla pazia halijafunguliwa. Mei 1964 ukapanda hadi namba moja Marekani, ukawang'oa Beatles waliokuwa wamekaa kileleni wiki 14 mfululizo. Armstrong huyo ndiye aliyezunguka Afrika na tarumbeta lake mwaka 1960, akafika hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo.

Wahenga walisema chema chajiuza. Merrick alikuwa na chema mkononi na bado hakukubali kungoja kijiuze. Channing alipoondoka mwaka 1965, Merrick hakutafuta mtu wa kumwiga. Alimleta Ginger Rogers, ambaye dunia ilimjua kwa filamu alizocheza na Fred Astaire. Wakafuata Martha Raye na Betty Grable, na baadaye mchekeshaji Phyllis Diller. Kila jina jipya lilikuwa habari mpya magazetini, na aliyekwisha kuitazama tamthilia alipata sababu ya kukata tiketi ya pili. Hesabu ya watayarishaji ni hiyohiyo hadi leo. Maonyesho huwa manane kwa wiki. Waigizaji, wapiga muziki na mafundi wa taa wanataka mishahara yao kila wiki, viti vijae visijae. Na tamthilia ikishazeeka magazeti huacha kuiandika.

Novemba 1967 Merrick alifanya kubwa zaidi: alibadilisha kundi zima. Dolly akawa Pearl Bailey, mwimbaji aliyependwa redioni na kwenye santuri. Tajiri wake akawa Cab Calloway, kiongozi wa bendi aliyevuma tangu enzi za Cotton Club kule Harlem. Na waigizaji wote waliobaki walikuwa weusi. Ndani ya kundi hilo kijana Morgan Freeman alipata nafasi yake ya kwanza Broadway. Tamthilia iliyokuwa na karibu miaka minne ikaanza upya, na mwaka 1968 Bailey akapewa tuzo maalumu ya Tony.

Najua hoja iliyopo dhidi ya kundi la weusi kama hilo. August Wilson, mwandishi wa tamthilia mweusi ambaye ukumbi ilimochezwa Cabaret una jina lake, alisimama Princeton mwaka 1996 akapinga weusi kukabidhiwa tamthilia za wazungu wazicheze, wakati majumba yao wenyewe ya sanaa yananyimwa fedha. Alisema kweli kuhusu fedha. Lakini aliyemfungulia Freeman mlango mwaka 1967 alikuwa Bailey, na fadhila hiyo haifutiki.

Dolly wa mwisho alikuwa Ethel Merman, Machi 1970. Nafasi ya Dolly ilikuwa imekusudiwa kuwa yake tangu mwanzo, akaikataa. Alipokubali hatimaye, mtunzi Jerry Herman alirudisha nyimbo mbili alizokuwa amemtungia na ambazo zilikuwa zimeondolewa. Tamthilia ilifungwa tarehe 27 Desemba 1970 baada ya maonyesho 2,844, rekodi ya Broadway kwa wakati ule.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wanung'unikaji hawalioni. Rogers na Merman walikuwa wamecheza pamoja jukwaani katika Girl Crazy mwaka 1930, kabla filamu haijamfanya Rogers kuwa malkia. Bailey alikuwa na Broadway tangu mwaka 1946. Umaarufu wao uliwaleta watu mlangoni, lakini waliowangoja ndani walikuwa mafundi. Wengi wa wageni walioalikwa na Merrick walikuwa wameizoea nyumba.

Leo mlango uko wazi zaidi. Chicago, iliyorejeshwa Broadway Novemba 1996 na haijafungwa kwa kukosa watu tangu hapo, imewapokea Usher, Mel B wa Spice Girls, Pamela Anderson na wengine wengi, baadhi yao kwa majuma machache tu. Wapo waliojituma, wakajifunza kucheza na kuimba kila usiku bila kurekebishwa na mitambo ya studio. Wapo pia waliokuja kupiga picha. Kipimo changu ni kimoja: je, mgeni huyu ameitii tamthilia, au tamthilia imepunguzwa ili imtoshe yeye? Wimbo ukishushwa sauti na ngoma zikirahisishwa, mtazamaji amelipa bei ya kitu kizima akapewa nusu.

Kwa kipimo hicho Lambert anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Kabla ya American Idol alikuwa katika kundi la Wicked, mmoja wa waitikiaji na mwigizaji wa akiba wa nafasi ya Fiyero. Yaani huyu tunayemwita mvamizi aliwahi kuwa yule anayesimama nyuma ya nyota, amejifunza kila neno, akingoja usiku ambao huenda usifike.

Watu wa akiba ndio ninaowatetea katika mfululizo huu. Katika ukumbi huohuo wa August Wilson, Agosti 2022, Funny Girl ilikuwa imeachwa na nyota wake Beanie Feldstein, naye mrithi wake Lea Michele alikuwa hajafika bado. Aliyeibeba mwezi ule wote ni Julie Benko, mwigizaji wa akiba, na ilichezwa bila kusimama. Broadway isiyo na wageni maarufu ingepata hasara; isiyo na akina Benko ingefunga milango kesho.

Kwa hiyo, ndugu zetu mlioko New York na London mnaokata tiketi: mkifika ukumbini mkakuta kikaratasi ndani ya programu kinachosema nyota hatacheza leo, msikimbilie dirishani kudai fedha. Kaeni, tazameni, na mkitoka lishikeni jina la aliyecheza.