Kabla ya kuchagua lugha ya kompyuta, itazame simu ya mkulima

MKULIMA wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, anahitaji kujua bei ya kabichi mjini kabla dalali hajafika shambani. Mboga hazisubiri.

Kijana anayetaka kumwandikia programu ya kumpa taarifa hiyo aghalabu huuliza ajifunze lugha gani ya kompyuta. Kwanza angeuliza mkulima ana simu gani.

Simu ya vitufe kwa kawaida haiwekewi programu mpya. Mkulima hubonyeza nyota, tarakimu na reli, menyu ikatokea. Kazi yote hufanyika kwenye seva, ambako PHP au Python hutosha. Ugumu uko kwingine: ukurasa mmoja wa menyu hauzidi herufi 182, nafasi zikihesabiwa, na ujumbe mfupi ni herufi 160. Kwa hiyo Kiswahili kifupi kinachoeleweka nacho ni sehemu ya ufundi.

Simu ya Android aghalabu huandikiwa programu kwa Java au Kotlin, ambayo Google iliipa kipaumbele mwaka 2019. Mfano wa programu za simu hizo ni AfyaData, ya kutolea taarifa za magonjwa ya binadamu na mifugo, iliyotengenezwa na SACIDS katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), mjini Morogoro.

Isiyo na sifa nyingi vijiweni ni SQL, lugha ya kuhoji hifadhidata. Lakini humo ndimo zinamokaa bei za jana na juzi, na mkulima mwenye kabichi shambani anataka kujua kama bei inapanda au inashuka.