Je, Wajua? Kamera na Karatasi za Kale

Je, wajua kwamba Rwanda ina takriban kurasa milioni 60 za kesi za Gacaca, mahakama za kijamii zilizosikiliza kesi za mauaji ya kimbari? Mahakama hizo zilikuwa nchi nzima, kuanzia sekta za mjini kama Gitega hapa Nyarugenge hadi vilimani, zikafungwa Juni 2012 baada ya kesi karibu milioni 2. Sasa piga hesabu nami: ukurasa mmoja kila sekunde, usiku na mchana bila kupumzika, utapiga picha kwa siku 694!

Unadhani kazi ya namna hii inadai kamera ya bei ya kutisha? Hata kidogo! Karatasi ya A4, kwa nukta 300 kwa inchi, ni nukta 2,480 mara 3,508: megapikseli 8.7 basi. Kamera ya mtumba ya megapikseli 12 inatosha na kubaki. Ukiwa na ramani kubwa ya A2, hapo ndipo utahitaji karibu 35.

Pesa iende wapi, basi? Kwenye lenzi ya makro na stendi imara, ndugu yangu! Lenzi pana hupinda mistari ya pembeni. Ya makro huinyoosha.

Na flashi? Izime! Taa mbili, kushoto na kulia, kwa nyuzi 45, hupunguza sana mng'ao. Kisha jaribu hili: taa moja tu, uilaze chini kabisa pembeni ya karatasi. Mikwaruzo ya kalamu iliyofutika wino inaibuka!

Maandishi ya nyuma yanapenya mbele? Tia karatasi nyeusi chini ya ukurasa, yatafifia. Glavu nyeupe nazo ziache: wahifadhi wengi wanapendelea mikono mikavu iliyonawiwa, maana vidole vyenye glavu huchana karatasi kwa urahisi.

Kupiga picha nyaraka si jambo jipya: wajua njiwa walizisafirisha? Paris ilipozingirwa mwaka 1870, walibeba barua zilizopigwa picha na kupunguzwa hadi zisisomeke kwa macho matupu. Na kwenye pwani ya Kenya, miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, tayari imepigwa picha za kidijitali.

La mwisho: picha moja ya megapikseli 24, isiyobanwa, hula megabaiti 72. Kadi ya gigabaiti 64 haifikishi picha 900! Nunua mbili, weka nakala sehemu mbili, uanze leo na cheti cha ndoa cha babu.