Lafey: Laini moja ya intaneti yaweza kuhudumia majengo mengi

Mnamo Januari 13, 2020, magaidi walivamia Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, wakawaua walimu watatu na kuharibu mnara wa mawasiliano. Majuma machache baadaye, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Garissa, Wajir na Mandera. Mnara ukizimwa watu hukosa habari, na mwalimu akiondoka darasa hubaki tupu. Kwa mji kama Lafey, ulioko Kaunti ya Mandera karibu na mpaka wa Somalia, ambako minara ya simu imepata kushambuliwa zaidi ya mara moja, intaneti imekuwa haja ya kila siku wala si anasa. Kupitia kwayo watahiniwa husajiliwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa (KNEC), na madai ya matibabu huwasilishwa kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024.

Tangu Julai 2023, huduma ya setilaiti ya Starlink ilipoanza nchini, shule au kituo cha afya kinaweza kuwa na dishi lake bila kutegemea mnara wowote wa karibu. Hata hivyo, dishi hilo huleta intaneti katika chumba kimoja tu. Mawimbi ya rauta ya kawaida hayafiki mbali; kuta mbili za mawe zatosha kuyadhoofisha, na mabati huyarudisha yalikotoka. Mwalimu mkuu ana intaneti ofisini, ilhali madarasa, mabweni na nyumba za walimu, zilizo umbali wa mita 150, hazina chochote.

Watu wengi hukimbilia dukani kununua vifaa vya kurudia mawimbi, vile vinavyochomekwa ukutani. Ni rahisi na havihitaji fundi, lakini hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Kifaa cha aina hiyo, kikitumia redio moja, hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kasi hupungua karibu nusu kila kinapoongezwa kingine. Laini ya megabiti 20 kwa sekunde hubaki na 10 baada ya kifaa cha kwanza, na 5 baada ya cha pili. Isitoshe, kifaa kilichowekwa mahali penye mawimbi hafifu hurudia udhaifu uleule.

Njia bora ni kutenganisha kazi mbili ambazo wengi huzichanganya: kusafirisha intaneti kutoka jengo hadi jengo, na kuisambaza ndani ya kila jengo.

Kwa majengo yaliyokaribiana, waya hauna mpinzani. Waya wa mtandao hufanya kazi vyema hadi mita 100, na ukifukiwa ndani ya bomba la plastiki huepuka jua, panya na mbuzi. Mnunuzi ahakikishe nyuzi zake ni za shaba tupu. Ule wa bei nafuu mno huwa ni alumini iliyopakwa shaba; hukatika upesi na hupoteza umeme unaopitishwa humo kuendesha vifaa. Vilevile, majengo mawili yenye vyanzo tofauti vya umeme yakiunganishwa kwa waya wa shaba, radi ikipiga moja yaweza kuunguza vifaa vya yote mawili. Katika hali hiyo, kuunganisha kwa mawimbi ni salama zaidi.

Kwa umbali mkubwa kuna redio ndogo za nje zenye antena inayoelekeza mawimbi upande mmoja, kama vile zile za kampuni za Ubiquiti, TP-Link na MikroTik. Moja huwekwa juu ya jengo lenye intaneti, na nyingine juu ya kila jengo linaloipokea. Kila moja hupatikana Nairobi kwa maelfu machache ya shilingi, na redio mbili zikionana bila kizuizi huvuka kilomita kadhaa kwa urahisi. Umbo la ardhi huko Mandera, ambako tambarare ni nyingi, husaidia sana katika jambo hili.

Neno la kuzingatia hapo ni "bila kizuizi". Majani yana maji, na maji hunywa mawimbi ya gigahazi 5 ambayo redio nyingi hizi hutumia. Fundi akiunganisha majengo wakati wa kiangazi, wakati miti imepukutika, aweza kusifiwa sana. Mvua zikinyesha na majani yakichipuka, mawasiliano hukatika na lawama humwangukia mwenye kuuza intaneti. Ni heri kuinua redio juu ya paa au kwenye jukwaa la tangi la maji tangu mwanzo. Kusimamisha mlingoti mrefu ni gharama, na katika eneo lenye wasiwasi wa kiusalama huenda pia ukavuta macho yasiyotakiwa.

Intaneti ikishafika kwenye jengo, rauta ya kawaida, hata kuukuu, yatosha kuisambaza. Sharti moja ni kuizima ile kazi yake ya kugawa anwani za mtandao, ili rauta kuu pekee ndiyo igawe. Zikigawa mbili, simu na kompyuta huchanganyikiwa. Rauta zote zipewe jina na nywila moja, lakini zile zilizo jirani ziwekwe katika chaneli tofauti. Kwa mawimbi ya gigahazi 2.4, chaneli ya 1, ya 6 na ya 11 ndizo zisizoingiliana.

Mfumo wa namna hii si mgeni Kaskazini Mashariki. Mwaka wa 2012, mashirika yaliyohudumia wakimbizi huko Dadaab, Kaunti ya Garissa, yaliunganishwa kwa redio za masafa marefu kupitia mradi wa Inveneo na NetHope, uliosaidiwa na Cisco na serikali ya Marekani. Badala ya kila shirika kuhangaika peke yake, ofisi zao ziliweza kuwasiliana kupitia mtandao mmoja wa karibu.

Gharama inayosahaulika ni ya umeme. Redio moja na rauta moja pamoja hutumia takriban wati 12, yaani wati-saa 288 kwa siku. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampia-saa 100 huhifadhi wati-saa 1,200, lakini ile ya risasi na asidi haifai kutumiwa kupita nusu. Hiyo yatosha siku mbili bila jua, na paneli ya wastani huijaza tena. Dishi la setilaiti ndilo mla umeme mkubwa: likitumia wati 60 mchana na usiku, huhitaji wati-saa 1,440. Likizimwa usiku na kuwashwa kwa saa nane tu, hitaji hilo hushuka hadi 480. Kidude cha kuzima kwa saa ni cha bei ndogo kuliko betri ya pili. Betri yenyewe iwekwe kivulini penye hewa, kwani joto la Mandera hufupisha maisha yake.

Kwa shule, kuna faida ambayo haimo katika matangazo ya wauzaji. Majengo yakishaunganishwa, kompyuta moja ndogo yaweza kufanywa seva na kuwekewa masomo, kwa mfano kupitia programu ya Kolibri, au nakala ya Wikipedia kupitia Kiwix. Zote mbili ni za bure. Wanafunzi husoma hata malipo ya mwezi yakikosekana au dishi likiharibika. Pale ambapo darasa halina mwalimu wa hisabati, jambo hilo huenda likawa na thamani kuliko intaneti yenyewe.

Kuhusu sheria, kutumia masafa ya waifai ndani ya uwanja wa taasisi hakuhitaji leseni ya masafa, mradi vifaa viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano (CA). Hali hubadilika taasisi inapotaka kuwauzia majirani huduma hiyo. Mwaka wa 2021, CA iliweka leseni maalumu ya mitandao ya kijamii, inayoendeshwa na wenyeji bila kulenga faida. Anayekusudia kuufikisha mtandao wake kwenye maduka na nyumba za jirani anapaswa kuiomba leseni hiyo kwanza, na pia kusoma masharti ya kampuni inayomuuzia intaneti, kwa kuwa vifurushi vya nyumbani kwa kawaida haviruhusu kuuzwa tena.