Mwenza wa kujifungua

Mwenza wa kujifungua ni mtu anayekaa karibu na mwanamke tangu uchungu unapoanza hadi saa za kwanza baada ya mtoto kuzaliwa, ili kumtia moyo, kumsaidia mahitaji madogo na kumwita mkunga inapohitajika. Anaweza kuwa mama mzazi, dada, mama mkwe, mume, jirani au mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Katika nchi za Magharibi mtu aliyefunzwa na anayelipwa kwa kazi hiyo huitwa doula. Mwenza si mkunga: hapimi njia ya uzazi, hazalishi wala hatoi dawa.

Nchini Tanzania mpango huu ulijaribiwa katika vituo vya serikali vya mkoa wa Kigoma kati ya miaka 2016 na 2018. Muda mfupi baadaye, janga la UVIKO-19 lilizusha swali katika hospitali nyingi duniani: je, mwenza ni mgeni wa kuzuiwa getini kama wageni wengine, au ni sehemu ya huduma anayopewa mzazi?

Jina

Neno doula limetokana na Kigiriki cha kale, ambako lilimaanisha mtumishi wa kike. Mwanaanthropolojia Mmarekani Dana Raphael alilieneza katika miaka ya 1970, akimaanisha mwanamke anayemsaidia mzazi mpya, hasa katika kunyonyesha. Baadaye likatumika kwa msaidizi wa wakati wa uchungu.

Kwa Kiswahili neno mwenza linahitaji maelezo kidogo. Watu wengi wakilisikia hufikiri mume au mke, na mke mwenza ni mwanamke aliyeolewa na mume yuleyule. Katika habari za uzazi maana yake ni pana zaidi: ni yeyote ambaye mwanamke mwenyewe amemchagua. Wengine husema msindikizaji, lakini msindikizaji anaweza kuishia mlangoni, ilhali mwenza huingia ndani na kubaki.

Kazi zake

Kazi za mwenza ni za kawaida, na nyingi hazihitaji elimu ya darasani:

- kumshika mkono mwanamke, kumkanda mgongo na kuzungumza naye;
- kumsaidia kutembea, kubadili mkao na kwenda msalani;
- kumpa maji, chai au uji;
- kumweleza maneno ya mkunga kwa lugha anayoielewa vizuri, kwa mfano Kiha;
- kumwita mkunga upesi akiona damu nyingi, degedege au mtoto anaanza kutoka;
- kumsaidia kumweka mtoto kifuani na kuanza kunyonyesha.

Kazi ya kumwita mkunga ina uzito mkubwa mahali ambapo muuguzi mmoja wa zamu anahudumia wanawake kadhaa kwa wakati mmoja. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua kunaweza kuua kwa muda mfupi, na mtu wa kwanza kuona shuka imelowa huwa ni yule aliyekaa pembeni ya kitanda.

Ushahidi wa kisayansi

Utafiti wa mwanzo uliojulikana sana ulifanyika nchini Guatemala na kuchapishwa mwaka 1980. Madaktari Marshall Klaus na John Kennell walikuwa miongoni mwa watafiti wake. Wanawake waliokaa na mwanamke wa kuwaliwaza walikuwa na uchungu wa muda mfupi zaidi na matatizo machache zaidi kuliko walioachwa peke yao.

Mwaka 2017 mapitio ya mtandao wa Cochrane yalijumlisha matokeo ya majaribio 26 kutoka nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Wanawake waliokuwa na mtu wa kuwategemeza mfululizo walielekea zaidi kujifungua kwa njia ya kawaida, na walihitaji upasuaji na dawa za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Uchungu wao ulikuwa mfupi zaidi, na ni wachache zaidi kati yao waliolalamikia jinsi walivyojifungua. Hayakuonekana madhara yaliyoletwa na mwenza. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na mwenza aliyemchagua mwenyewe katika muda wote wa uchungu na kujifungua.

Kutoka nyumbani hadi hospitalini

Mwanamke anayejifungulia nyumbani kwa kawaida huzungukwa na watu: mama, shangazi, wifi na mkunga wa jadi. Hatari ya nyumbani ni kwamba hakuna damu ya kuongeza, dawa wala chumba cha upasuaji. Kwa sababu hiyo serikali imehimiza uzazi wa kituoni. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa za afya, sehemu ya watoto wa Tanzania waliozaliwa katika vituo vya afya ilipanda kutoka asilimia 63 katika utafiti wa 2015-16 hadi asilimia 81 katika ule wa 2022.

Mabadiliko hayo yameokoa maisha, lakini yalikuwa na gharama yake. Katika vituo vingi ndugu huachwa barazani au chini ya mti, na mwanamke huingia leba peke yake. Sababu inayotajwa mara nyingi ni ufinyu wa nafasi. Vitanda viko katika chumba kimoja bila pazia, hivyo mume anayeingia kumwona mkewe atawaona na wake wa wenzake. Sababu nyingine ni hofu ya wahudumu kwamba ndugu wataleta vurugu, uchafu au dawa za kienyeji.

Jaribio la Kigoma

Mkoa wa Kigoma uko magharibi mwa Tanzania, unapakana na Burundi na Ziwa Tanganyika, na kwa sensa ya 2022 ulikuwa na watu karibu milioni 2.5. Watu wengi huishi mbali na hospitali. Katika wilaya ya Uvinza vipo vijiji vya mwambao ambavyo wakazi wake husafiri kwa boti, na mgonjwa hungoja ziwa litulie kabla ya kuondoka.

Kuanzia Julai 2016 hadi Desemba 2018 asasi ya Kitanzania iitwayo Thamini Uhai ilijaribu mpango wa mwenza katika vituo 9 vya serikali mkoani humo. Vituo vingine 6 vya serikali visivyo na mpango huo vilitumika kwa kulinganisha. Mwanamke alichagua mwenyewe kama anataka mwenza au hataki. Aliyefika bila ndugu aliweza kupewa mwenza wa zamu, yaani mwanamke wa jamii ya pale aliyeandaliwa kwa kazi hiyo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Zaidi ya asilimia 80 ya wanawake waliojifungua katika vituo 9 walikuwa na mwenza. Kati ya waliohojiwa, asilimia 96 hadi 99 waliridhika sana na kuwa naye. Wahudumu nao walisema wenza waliwapunguzia kazi na kuwajulisha hali ya mzazi inapobadilika.

Jambo lililojitokeza pia ni mwenendo wa wahudumu wenyewe. Kwa kulinganisha na vituo visivyo na mpango, wahudumu wa vituo 9 walielekea zaidi kumsalimu mwanamke kwa heshima, kumjibu alipoita na kuzungumza naye kirafiki. Kwa hiyo faida ya mwenza haikuishia kwenye faraja tu. Penye mtu wa tatu anayeona na kusikia, huduma yenyewe ilikuwa bora zaidi.

Wakati wa UVIKO-19

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Mwezi huohuo hospitali nyingi duniani zilipunguza au kuzuia kabisa watu wanaoingia wodini. Mjini New York baadhi ya hospitali kubwa ziliamua kwamba mwanamke ajifungue bila hata mume. Tarehe 28 Machi 2020 gavana wa jimbo hilo alitoa amri ya kuruhusu mtu mmoja, na mwishoni mwa Aprili doula naye akahesabiwa kuwa sehemu ya huduma. Nchini Uingereza hospitali nyingi zilimruhusu mwenza kuingia pale tu uchungu ulipokuwa umekolea.

Afrika Mashariki kikwazo cha kwanza kilikuwa njiani. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi 2020, na Uganda ilizuia usafiri wa magari ya abiria na ya binafsi. Mjamzito aliyeshikwa na uchungu usiku alipata shida kufika hospitali, na ndugu wa kumsindikiza zaidi. Tanzania haikuweka amri ya kutotoka nje.

Tangu mwanzo wa janga WHO ilieleza kuwa haki ya kuwa na mwenza haiondolewi na UVIKO-19, hata kama mjamzito mwenyewe ameambukizwa. Septemba 2020 shirika hilo lilirudia msimamo huo kwa tamko maalumu.

Hoja za pande mbili

Waliozuia wenza walikuwa na sababu ya msingi. Kila mtu anayeingia wodini anaweza kuleta virusi, wahudumu walikuwa wachache, na barakoa hazikutosha. Muuguzi akiugua, wanawake wengi hukosa huduma.

Upande wa pili una hoja tatu. Kwanza, mwenza aliyelala nyumba moja na mjamzito na kusafiri naye katika boti moja kutoka kijijini kwa kawaida ameshavuta hewa ileile. Kumwacha nje kunapunguza idadi ya watu wodini, lakini hakumkingi mjamzito na jambo jipya. Pili, wahudumu wanapopungua kwa sababu ya ugonjwa, haja ya mtu wa kumtazama mzazi huongezeka. Tatu, mwanamke akijua kwamba atakuwa peke yake anaweza kuamua kubaki nyumbani, na hapo hatari ya kutoka damu bila msaada inaweza kuwa kubwa kuliko ya virusi vyenyewe.

Si kila mlipuko ni sawa

Uamuzi hutegemea njia ambayo ugonjwa unaenea. Kigoma ina kumbukumbu ya Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa katika kijiji cha Kagunga kando ya ziwa na kipindupindu kikazuka. Meli ya MV Liemba ilisaidia kuwahamishia Kigoma mjini. Kipindupindu huenea kwa maji na chakula chenye kinyesi. Mwenza anaweza kubaki, ila ni lazima anawe mikono kwa sabuni na asishike chakula baada ya kusafisha mgonjwa.

Ebola na Marburg ni tofauti, maana huenea kwa kugusa damu na majimaji ya mgonjwa, na uzazi una vyote viwili kwa wingi. Mwanamke anayeshukiwa kuwa na magonjwa hayo hutengwa, na ndugu hawezi kumshika bila mavazi maalumu. Hata hivyo kutengwa si lazima kuwe upweke. Ng'ambo ya ziwa, katika Kongo ya mashariki, wakati wa Ebola iliyoanza 2018 vilitumika vyumba vya plastiki angavu vilivyowawezesha ndugu kumwona mgonjwa na kuzungumza naye.

Masharti ya kawaida

Kwa magonjwa yanayoenea kwa hewa kama UVIKO-19, masharti yanayofaa kwa kituo cha kawaida ni haya:

- mwenza awe mmoja tu, na asibadilishwe katikati;
- aulizwe kuhusu homa na kikohozi kabla ya kuingia; akiwa na dalili, familia ilete mwingine;
- avae barakoa na kunawa mikono anapoingia na kutoka;
- abaki kwenye kitanda cha mzazi wake, bila kuzurura wodini;
- madirisha yawe wazi, na vitanda vitenganishwe kwa pazia au kanga;
- mwanamke aambiwe masharti hayo kliniki, miezi kabla ya kujifungua, ili achague mtu mapema.

Sharti la mwisho halina gharama na ndilo husahaulika zaidi. Familia inayoelezwa masharti getini, usiku, uchungu ukiwa umeshapamba moto, haina tena nafasi ya kuchagua.

Tazama pia

Mkunga
UVIKO-19
Mkoa wa Kigoma
Kipindupindu