Mkato na Nukta: Uhakiki wa Nambari katika Programu za C

Katika Ziwa Tanganyika alama mbili za uandishi hubadilishana kazi kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Kalemie, ambako kanuni za Kifaransa zilizoletwa na Wabelgiji zimedumu, 1.500 ni elfu moja na mia tano, na kilo mbili na nusu huandikwa 2,5. Ng'ambo, Kigoma, palipofuatwa kanuni za Kiingereza, kiasi hicho hicho huandikwa 1,500 na 2.5. Binadamu huokolewa na muktadha: mnunuzi wa gunia la ndakala (dagaa, kwa watu wa Kigoma) hawezi kudhani kwamba bei yake ni faranga moja na nusu. Programu haina muktadha huo.

Lugha ya C, aliyoibuni Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970, huanzisha kila programu kwa desturi ya Kiingereza: nukta ndiyo alama ya desimali. Karani wa Kalemie akiandika 2,5 mbele ya amri ya scanf inayongojea nambari ya desimali, amri hiyo husoma 2, hukoma kwenye mkato, kisha hutoa taarifa kwamba nambari moja imesomwa salama. Nusu kilo imepotea kimyakimya. Tena mkato na 5 hubaki vikingoja swali linalofuata, ambalo litaharibika kabla karani hajagusa kibodi.

Dawa inayojulikana ni kusoma mstari mzima kama maandishi kwa fgets, kisha kuukabidhi kwa strtod, ambayo huonyesha mahali ilipokomea. Ikiwa haikusogea, hapakuwa na nambari. Ikiwa imebakiza chochote zaidi ya nafasi tupu, mstari ukataliwe na karani aulizwe upya. Amri ya atoi haifai hata kidogo, kwa kuwa neno lisilo na tarakimu huligeuza kuwa 0, sawa na sifuri ya kweli. Ukubwa nao uchunguzwe: nambari kamili ya biti 32 hukomea 2 147 483 647 (nafasi tupu zimetumika hapa kuepusha ubishi), na nchi hii imewahi kuwa na noti ya Zaire 5 000 000, mwaka 1992.

Hata hivyo, 1.500 hupita mtihani huo bila kubakiza kitu, ikawa moja na nusu. Mtungaji akiiamuru programu, kwa setlocale, ifuate desturi ya Kifaransa, kwa kawaida usomaji utakomea kwenye nukta na kosa litanaswa. Lakini sasa ni 1,500 ya mfanyabiashara wa Kigoma itakayopita ikiwa moja na nusu. Hapo sarufi ya alama imefika mwisho wa uwezo wake. Linalobaki ni programu kumrudishia karani nambari kwa maneno na kungoja akubali: «elfu moja na mia tano» haiwezi kuchanganywa na «moja na nusu» kwenye ufuo wowote, ingawa sokoni Kalemie wengi wangependelea kuisoma kwa Kifaransa.